Bei ya umeme: Hesabu za wachambuzi na kauli ya wakubwa

KILA Shirika la Umeme Tanzania (Tanesco) linapoomba kupandisha bei, mzigo huwaangukia wachambuzi wa fedha wa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura).

Hao hupekua gharama moja baada ya nyingine: mafuta ya mitambo, mishahara, uchakavu, riba za mikopo na umeme unaopotea njiani. Gharama halali hulipwa na mteja. Ya uzembe haipaswi kumfikia.

Takwimu zinaonyesha uzito wa kazi hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2011 Tanesco iliomba nyongeza ya asilimia 155. Ewura ikaidhinisha asilimia 40.29 kuanzia Januari 15, 2012. Mwaka 2013 ziliombwa asilimia 67.87, zikakubaliwa 39.19.

Hata hivyo, hesabu si neno la mwisho. Desemba 2016 Ewura ilipitisha asilimia 8.53 kati ya 18.19 zilizoombwa. Kabla bei hiyo haijaanza kutumika, Serikali iliisitisha, na Januari 1, 2017 Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa Tanesco, Felchesmi Mramba.

Wananchi walipata nafuu, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini gharama isiyolipwa kupitia Luku haifutiki vitabuni mwa shirika. Hugeuka deni, ruzuku ya kodi au matengenezo yanayoahirishwa, na mlipaji hubaki yule yule.

Anayetaka nafuu ya kudumu hana budi kuhudhuria mikutano ya taftishi na kuzihoji hesabu hizo kabla uamuzi haujatolewa.