Leseni ya mtani: katuni inapouma na inapotukana

Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilichapa katuni ya Rais Jakaya Kikwete akiwa amestarehe kama mtawala wa Roma ya kale, wanawake waliovaa nusu uchi wakimhudumia. Wanawake hao walipewa majina ya maovu ya utawala: rushwa, upendeleo, uzembe. Mchoraji alikuwa Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa akichora Nairobi tangu 1992. Mwezi huohuo serikali ya Tanzania ililipiga marufuku gazeti hilo. Sababu iliyotolewa ni kwamba halijasajiliwa nchini, ingawa lilikuwa limeuzwa kwenye meza za magazeti kwa takriban miaka 20. Gado akaenda likizo ndefu, na mapema mwaka 2016 mkataba wake haukuongezwa.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha mkubwa aliyekasirika na mchoraji aliyeonewa. Ni kweli, lakini si chote.

Tuanze na haki ya mchoraji. Novemba 2014 Bunge lilikuwa limechafuka kwa sababu ya akaunti ya Tegeta Escrow, ambamo zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitoka Benki Kuu na kuangukia mikononi mwa watu wachache. Desemba, Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu na Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri. Wiki chache baadaye rais anachorwa amejipumzisha huku maovu yakimzunguka. Msomaji wa Dar es Salaam hakuhitaji maelezo. Ushahidi wote alikwisha kuusikia redioni, moja kwa moja kutoka Dodoma. Katuni hiyo ilikuwa inamuuliza mwenye nyumba kwa nini amelala wezi wakiwa sebuleni, na swali hilo lilikuwa halali.

Sasa wale wanawake. Kwa nini rushwa iwe mwanamke? Kwa nini uzembe uvuliwe nguo? Wengi wa waliotajwa sana katika sakata lile walikuwa wanaume waliovaa suti, na mchoraji hodari kama Gado angeweza kuwachora wanaume hao hao wakimpepea mkubwa wao. Badala yake alishika picha ya kale, ile inayomfanya mwili wa mwanamke kuwa alama ya dhambi, akawapiga wasiokuwemo. Mkuki ulimfika aliyelengwa, lakini ulipita kwanza katika mwili wa mtu mwingine.

Kuna kipimo cha mambo haya kilichotangulia sheria zote za magazeti, nacho ni utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wahehe na Wangoni, waliomwagiana damu karne ya 19, nao ni watani hadi leo. Msibani, wafiwa wakiwa wamekaa mkekani, mtani huingia ameshika fimbo ya marehemu. Hukohoa kama marehemu alivyokuwa akikohoa, akatembea kwa mwendo wake, akalalamikia chai kama yeye, akaulizia deni ambalo kila mtu analijua. Mjane anajifuta machozi kwa ncha ya kanga huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Dakika chache zile marehemu anarudi kama alivyokuwa, na ubahili wake na ubishi wake, na hakuna anayemfukuza mtani.

Ruhusa hiyo haitolewi bure. Utani una pande mbili: Mzaramo anayemtania Mnyamwezi leo anajua kesho zamu itakuwa yake, na kwa ukali uleule. Ukimfanyia hivyo mtu asiye mtani wako, asiye na nafasi ya kukurudishia, wazee watakwambia umemtukana, hata kama maneno yalikuwa yaleyale.

Mchora katuni ni mtani wa mwenye madaraka. Rais ana msemaji, ana televisheni ya taifa, ana mikutano ya hadhara ambako neno lake moja husikika nchi nzima. Akichorwa vibaya asubuhi, jioni anaweza kujibu mbele ya mamilioni. Mama lishe, mkimbizi wa kambini au mtu mwenye ualbino hana ukurasa wa maoni. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mhariri angepaswa kumuuliza mchoraji ni kama aliyechorwa ana pa kujibia. Kama watu watacheka linafuata baadaye.

Swali la pili linahusu silaha. Katuni zinazodumu huwa zimeokota silaha kutoka mkononi mwa mkubwa mwenyewe. Rais Daniel arap Moi wa Kenya alitembea na rungu lake dogo kila alikokwenda. Katika miaka ya mfumo wa chama kimoja, kumkejeli kwa katuni gazetini lilikuwa jambo la hatari, na mambo yalianza kulegea baada ya vyama vingi kuruhusiwa Desemba 1991. Wachoraji walipopata upenyo hawakulazimika kubuni kitu. Rungu lilikuwa pale, lilionekana kwenye habari kila siku. Uhuru Kenyatta aliposhinda uchaguzi mwaka 2013 huku akikabiliwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Gado alimfunga mnyororo wenye tufe la chuma mguuni. Mnyororo ule ulitoka kwenye jalada la The Hague. Kesi ya Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, na kabla ya hapo hakuna Mkenya aliyehitaji kuulizwa maana ya lile tufe.

Afrika Kusini ilipata mfano mkali zaidi. Mwaka 2006 Jacob Zuma alikuwa kizimbani kwa shtaka la ubakaji, ambalo hatimaye aliachiwa huru. Katika ushahidi wake alisema kwamba baada ya kulala na mwanamke ambaye alijua anaishi na virusi vya Ukimwi, alioga ili kupunguza hatari ya kuambukizwa. Mchoraji Jonathan Shapiro, ajulikanaye kama Zapiro, akampandishia Zuma bomba la mvua kichwani. Bomba lile likaendelea kumfuata hata katika urais wake. Mtu aliyewahi kuongoza baraza la taifa la kupambana na Ukimwi alikuwa ametamka jambo lililoweza kuua watu, na bomba lile halikuruhusu lisahaulike. Hiyo ni kejeli inayofanya kazi ya umma.

Lakini Zapiro yuleyule ana upande wa pili. Septemba 2008 alimchora Zuma akifungua mkanda wa suruali huku wanasiasa wenzake wamemshikilia chini mwanamke aliyeandikwa jina la Haki. Zuma alifungua kesi kudai mamilioni ya randi, kisha mwaka 2012 akaiacha. Wengi waliitetea katuni hiyo, na ni kweli kwamba shinikizo dhidi ya mahakama wakati ule halikuwa la kubuni. Hata hivyo, katika nchi ambayo wanawake wengi mno wamebakwa kweli, mwanamke aliyebanwa chini anaacha kuwa fumbo. Msomaji aliyepitia hayo haioni mahakama pale, anajiona mwenyewe. Mwaka 2017 Zapiro alirudia picha ya aina ileile, mara hii nchi yenyewe ikiwa ndiye mwanamke, na wanawake wa Afrika Kusini wakamwambia waziwazi kwamba maumivu yao si wino wa kuchorea.

Mwaka 2016 tayari alikuwa amejikwaa pengine. Alimchora mkuu wa mashtaka wa taifa, Shaun Abrahams, kama tumbili wa mpiga kinanda, na mpiga kinanda akiwa Zuma. Alichotaka kusema ni kwamba mwanasheria huyo anachezeshwa. Kusema hivyo kulihitaji mwanasesere wa nyuzi tu. Tumbili aliingia na karne nyingi za Wazungu kumwita mtu mweusi nyani, na mara ile picha ikaacha kumhusu Abrahams na kazi yake, ikawahusu mamilioni wasiojua hata ofisi yake iko wapi. Zapiro mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikosea.

Wanyama katika katuni wanastahili kutazamwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Tanzania ina Kipanya, panya mdogo wa Masoud Kipanya, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwatupia wakubwa neno. Panya ni mnyama duni, anakula makombo, anapita chini ya meza na kusikia yanayosemwa juu yake. Ila ni mchoraji aliyejichagulia kuwa panya, hadi jina lake na la mnyama likawa moja. Kwa unyonge huo anapata ruhusa ya kusema, kama sungura wa hadithi mbele ya simba.

Ng'ambo ya mpaka wa magharibi, mnyama alitumika kinyume kabisa. Gazeti la Kangura, lililoanza Rwanda mwaka 1990 chini ya Hassan Ngeze, lilijaa michoro, na Watutsi waliitwa humo inyenzi, yaani mende. Jalada la toleo moja la mwaka 1993 lilichorwa panga kando ya swali la silaha gani itumike kuwamaliza mende hao. Gazeti hilo pia lilichora wanawake wa Kitutsi kama mitego ya ngono kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia Ngeze hatiani pamoja na waanzilishi wa Redio RTLM, na kurasa za Kangura zikawa sehemu ya ushahidi. Waliochorwa hawakuwa na pa kujibia. Hawakuchorwa kwa tendo walilotenda. Walichorwa kwa kuzaliwa kwao. Kila mhariri wa Afrika Mashariki ana wajibu wa kuikumbuka meza ile ya Kangura kila mchoro unapofika ukilibandika kabila au dini jina la mnyama.

Kumbukumbu hiyo hiyo, hata hivyo, inatumiwa vibaya na wenye madaraka. Sheria mpya ya makosa ya jinai ya Rwanda ya mwaka 2018 ilifanya kuwa kosa kuwadhalilisha viongozi kwa maneno, ishara au katuni. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ilikifuta kifungu hicho, lakini ikaacha kile cha kumtukana rais. Ofisi ya Rais Paul Kagame ikatoa tamko kwamba hata hilo lingefaa kuwa suala la madai, lisiwe jinai. Somo la mauaji ya kimbari ya 1994 lilikuwa kuhusu jirani aliyeitwa mende, na halina uhusiano wowote na waziri aliyechorwa na tumbo kubwa.

Nchini Kenya, mwishoni mwa 2024, mabishano yalihama magazetini yakaingia kwenye simu. Zilisambaa picha za Rais William Ruto akiwa ndani ya jeneza, serikali ikalalamika, na vijana wakakamatwa. Picha ya jeneza ni kejeli dhaifu. Haitaji tendo, inamtakia mtu kifo, na katika jamii zetu neno la kifo lina uzito ambao wino hauwezi kuufuta. Vivuli vya mchoraji kijana Kibet Bull vilikuwa kitu kingine: umbo jeusi la kiongozi, mistari michache, na wazo ambalo mtazamaji hulimalizia mwenyewe. Kijana huyo alitekwa Nairobi tarehe 24 Desemba na kuonekana tena 6 Januari 2025. Kati ya jeneza na kivuli kuna tofauti kubwa ya sanaa, lakini hakuna hata kimoja kinachompa mtu yeyote haki ya kumtia mwenzake kwenye gari usiku. Kiongozi aliyechukizwa ana ulimi, na ana mawakili na mahakama.

Kisha Tanzania tena. Septemba 2024 Ali Kibao, kiongozi wa chama cha upinzani cha Chadema, alishushwa kwenye basi jijini Dar es Salaam na watu wenye silaha, na mwili wake ukapatikana Ununio. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza uchunguzi ufanyike. Wiki chache baadaye gazeti la The Citizen liliweka mtandaoni katuni ya video: mwanamke anayefanana na rais anatazama televisheni, anabadilisha chaneli, na kila chaneli kuna mtu anayemlilia ndugu aliyepotea au kuuawa. Tarehe 2 Oktoba Mamlaka ya Mawasiliano ilizisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi, inayochapisha gazeti hilo. Video ikaondolewa.

Ipimwe kwa kipimo cha mtani. Aliyekejeliwa ana pa kujibia kuliko mtu yeyote nchini. Mwili wake haukuvuliwa nguo, dini yake haikuguswa, wala kuzaliwa kwake. Kilichochorwa ni mkono ulioshika rimoti. Waliopewa sauti, safari hii, walikuwa wale wasio na ukurasa wowote: mama, mke, kaka, kila mmoja akipewa sekunde chache kwenye kioo kabla ya chaneli kubadilishwa. Mamlaka ilihesabu heshima ya mtu mmoja. Waliokuwa wakilia kwenye kioo hawakuhesabiwa, na leseni iliporudi baada ya siku 30, ndugu zao wengine walikuwa bado hawajaonekana.