Iletwe Soni, Lakini Ndani ya Mfuko

Tangu nianze shahada ya uzamili nimeisikia hoja moja mara nyingi, kwenye semina na kwenye foleni ya chai, na wanaoitoa huitoa kwa upole kabisa: tibakemia ibaki hospitali kubwa, ikishuka wilayani itaua watu. Mimi ni mtu wa Soni na naipinga. Nitaipinga kwa dawa moja tu, kwa kuwa ndiyo inayotolewa mfano wa kututisha: vinkristini.

Inatisha kweli, tusidanganyane. Hutolewa kwenye mmea mdogo wenye asili ya Madagaska, ule wa maua ya waridi au meupe ambao watu huupanda uani kama pambo. Marekani iliiidhinisha mwaka 1963, na hadi leo imo kwenye matibabu ya saratani ya damu ya watoto na ya limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliueleza mwaka 1958. Kipimo ni miligramu 1.5 kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili, na kwa kawaida hakivuki miligramu 2. Punje moja ya mchele ina uzito mara kadhaa ya huo. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, inatibu. Ikivuja nje ya mshipa, inaunguza nyama. Ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo, mgonjwa hufa, na waliopona wanahesabika.

Sasa mtego wenyewe. Watoto haohao hupewa pia methotrekseti, na hiyo huchomwa mgongoni kwa makusudi. Wakati mwingine dawa zote mbili hutolewa siku moja. Mabomba mawili ya sindano yanayofanana, na daktari aliyechoka.

Januari 2001 mtego huo ulinasa mtu Nottingham, Uingereza. Haikuwa zahanati ya kijijini. Ilikuwa hospitali kubwa ya kufundishia madaktari. Kijana wa miaka 18, ambaye saratani yake ya damu ilikuwa imetulia, alichomwa vinkristini mgongoni. Bomba lilikuwa na onyo lililoandikwa. Alifariki mwezi uliofuata. Basi wanaosema usalama wa dawa hii uko kwenye ukubwa wa jengo wanieleze Nottingham ilipungukiwa nini. Wataalamu? Vitabu? Umeme?

Ilipungukiwa mfuko. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba vinkristini isiwekwe tena kwenye bomba la sindano; ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu na iingie mshipani kwa dakika chache. Mwaka uliofuata Uingereza iliagiza hivyo kwa wodi za watu wazima na vijana. Sababu yake haihitaji shahada: hakuna daktari, hata awe hajalala siku mbili, atakayeshika mfuko wa mililita 50 akajaribu kuumalizia mgongoni mwa mtoto. Mikono yenyewe itakataa. Onyo la karatasi linamtegemea anayelisoma, na mfuko haumtegemei mtu.

Wapo wanaouogopa mfuko kwa sababu dripu inaweza kuvuja nje ya mshipa bila mtu kuona. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni muuguzi kukaa kitini kando ya mgonjwa kwa zile dakika 5 hadi 10, akiangalia kanula, asiondoke kwenda kupokea simu. Dakika 10. Kwa ajili ya dakika hizo, mama wa Soni anashuka na mtoto kwenye kona za barabara ya Mombo, ambako mvua zikizidi mawe na udongo huporomoka njiani. Akifika barabara kuu anachagua: kushoto zaidi ya kilomita 300 hadi Dar es Salaam, au kulia hadi KCMC, Moshi. Matibabu ya saratani ya damu ya mtoto huchukua miaka miwili hadi mitatu. Mwezi wa kwanza ndugu huchanga. Mwaka wa pili mtoto anacheza, anaonekana mzima, na plamu zimeiva zinasubiri kupelekwa sokoni. Hapo ndipo familia huacha. Saratani ikirudi, faili litaandikwa "hakuhudhuria", na hakuna semina itakayoita hilo kosa la usalama wa dawa.

Mimi naliita hivyo. Mtoto aliyekosa dozi kwa sababu ya nauli amedhuriwa na mpangilio wa huduma kama yule aliyechomwa pasipostahili, ila wa kwanza hafi mbele ya daktari.

Sidai kila kitu kipande mlimani kesho. Uchunguzi, miezi ya mwanzo ambayo damu hushuka vibaya, na sindano zote za mgongoni zibaki hospitali ya rufaa. Lakini katika awamu ya mwisho, ambayo mtoto humeza vidonge nyumbani na kupata vinkristini mara mojamoja, dozi hiyo itolewe Lushoto: mfamasia aliyefundishwa, chumba cha kuchanganyia chenye kinga, jokofu la nyuzi 2 hadi 8, muuguzi wa kukaa kitini. Na hapa wenzangu wa semina huwa hawanijibu: mahali ambapo hakuna anayechoma dawa ya saratani mgongoni, mabomba mawili hayawezi kuchanganywa. Kwa kosa hili wanalotutishia nalo, wilayani pangekuwa salama kuliko wodi ya rufaa. Hata hivyo mfuko utumike huko huko Lushoto tangu dozi ya kwanza, maana siku moja atahamishiwa daktari anayejua kuchoma mgongo, na atataka kusaidia.