Wazo Liandikwe Kwanza, Lipangwe Baadaye

Imeenea imani miongoni mwa watu wanaofanya kazi kwa kompyuta, wakiwemo wanafunzi na watafiti wa Kisangani na Yangambi, kwamba programu ya kuorodhesha mambo ya kufanya huwa bora kadiri inavyokuwa na sehemu nyingi za kujaza: tarehe ya mwisho, kiwango cha umuhimu, jina la mradi, lebo, rangi, kengele ya kukumbusha. Kwa mujibu wa imani hiyo, wazo lililoandikwa bila kuwekwa katika fungu lake ni wazo lililotupwa, na mtu anayetumia kidirisha chenye mstari mmoja tu, au faili ya maandishi matupu, huhesabiwa kuwa hajui anachokosa. Imani hiyo ni potofu. Katika kazi ya kunasa mawazo yanayomkatiza mtu katikati ya shughuli, kila sehemu inayoongezwa ni hasara, na kudai mpangilio wakati uleule wa kuandika ndiko kunakoharibu umakini ambao programu iliahidi kuulinda.

Wazo la kukatiza, kwa maana inayotumika hapa, ni jambo la kweli lakini lisilo la wakati huo. Mwanafunzi wa IFA-Yangambi, taasisi ya sayansi za kilimo ambayo kwa miaka mingi imefundishia Kisangani, anaandika sura ya tasnifu yake kuhusu rutuba ya udongo, na ghafla anakumbuka kwamba hajamjibu msimamizi wake, kwamba jedwali la tatu lina kosa, kwamba karo ya mdogo wake haijalipwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kutatuliwa katika aya anayoiandika, ila yote yanagombea nafasi katika kile ambacho wanasaikolojia hukiita kumbukumbu ya kazi, yaani sehemu ya akili inayoshikilia mambo machache kwa muda mfupi ili yatumike. Nafasi hiyo ni finyu: Nelson Cowan, katika makala yake ya mwaka 2001, aliikadiria kuwa ya mambo manne hivi. Anayesema kwamba mtu makini huyaweka yote kichwani anadai kitu ambacho kichwa cha binadamu hakina.

Kwa hiyo wazo liandikwe, na hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi unaanza kwenye namna ya kuliandika. Programu nzito humpokea mwanafunzi huyo kwa maswali: jambo hili ni la mradi gani, ni la dharura au la kawaida, litakamilika lini, lipewe lebo ipi? Kila swali ni uamuzi, na kila uamuzi humtoa kwenye udongo na kumpeleka kwenye karo. Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anayehama kutoka kazi moja kwenda nyingine huacha sehemu ya usikivu wake kwenye ile aliyoiacha, hasa kama haikukamilika, na utendaji wake katika kazi mpya hushuka. Fomu yenye sehemu sita, hata ikijazwa kwa nusu dakika, ni kazi kamili ambayo mtu huihamia, kisha huiacha ili arudi alikokuwa. Mtu aliyekatizwa na wazo moja anakatizwa mara ya pili na chombo kilichokuja kumsaidia.

Watetezi wa programu nzito wana hoja moja inayostahili kujibiwa kwa uangalifu. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba malengo ambayo hayajatimizwa huingilia kazi nyingine, kwa mfano kusoma, lakini maingilio hayo hupungua sana mtu akishaweka mpango mahususi wa namna atakavyoyatimiza. Neno mahususi ndilo linaloshikiliwa: ikiwa akili hutulizwa na mpango, basi tarehe na mradi na kengele si mapambo. Lakini mpango ni maneno, wala hauhitaji visanduku. Mstari usemao "kesho saa nne asubuhi kumpigia msimamizi kuhusu jedwali la tatu" una nini, lini na nani, na umeandikwa kwa lugha ambayo mwandishi wake anaifikiria tayari. Kuukata mstari huo vipande na kuvigawa katika sehemu nne za fomu hakumwongezei mtu utulivu wowote, ingawa kunairahisishia programu kuzichambua data.

Yangambi yenyewe ina ushahidi mkubwa kuliko huo, na ni ajabu kwamba watu wanaoishi jirani nao huutafuta mpangilio kwenye matangazo ya programu. Kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo kwenye ukingo wa kulia wa Mto Kongo, kilomita 100 hivi kutoka Kisangani mtu akifuata mkondo wa maji, kilikuwa makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933 na ambayo leo kazi yake inaendelezwa na INERA. Hebaria yake, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, ina sampuli zipatazo 150,000. Utaratibu wa kujenga hazina ya namna hiyo ndio unaopaswa kusomwa na kila anayeunda programu ya kunasa mawazo.

Mkusanyaji wa mimea anapokata tawi lenye ua msituni, hakai chini ya mti akibishana na nafsi yake kama mmea huo ni wa jenasi hii au ile. Huupa namba inayofuata ile ya sampuli iliyotangulia, huandika tarehe, mahali na kimo cha mti, kisha huandika yale ambayo yatatoweka sampuli ikishakauka: rangi ya petali, harufu, utomvu unaochuruzika gome likikatwa. Halafu husonga mbele, kwa sababu mvua inakuja na njia bado ni ndefu. Jina la kisayansi hufuata baadaye, pengine baada ya miaka, kwa mkono wa mtu mwingine aliyekaa mezani na vitabu na kioo cha kukuzia, na sampuli isiyo na jina haitupwi, maana namba yake inatosha kuirudia. Lau mkusanyaji angelazimishwa kujaza familia, jenasi na spishi kabla ya kuruhusiwa kuchukua tawi la pili, makabati ya Yangambi yangekuwa matupu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kumbukumbu za majira ya miti zilizoanza kuwekwa hapo mwaka 1937 na kuendelea kwa takriban miongo miwili. Wiki baada ya wiki, miti iliyochaguliwa ilitazamwa na alama fupi ikaandikwa: mti umetoa maua, umezaa, umepukutisha majani. Alama hizo zilikusanywa katika majedwali yaliyoandikwa kwa mkono, kila mti na mstari wake, na zaidi ya nusu karne baadaye watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walizinakili kupitia intaneti katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms, hadi zikawa data ambazo wanasayansi wameweza kuzichambua ili kuelewa mwendo wa majira katika msitu wa Bonde la Kongo. Walioziandika hawakujua maswali ambayo zingekuja kuulizwa, na hawakuhitaji kuyajua. Walihitaji alama iliyo nyepesi kiasi cha kuandikwa bila kukosa wiki.

Isidhaniwe kwamba ufupi ni sheria isiyo na kikomo, kwa sababu Yangambi hiyohiyo inafundisha mpaka wake. Ilikuwa hapo ambapo Beirnaert na Vanderweyen, katika kazi yao ya mwaka 1941, walithibitisha kwamba mchikichi wa aina ya tenera, wenye kokwa la ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta, ni mseto wa dura, wenye ganda nene, na pisifera, usio na ganda. Ugunduzi wa namna hiyo hauwezekani kama mchavushaji anaahirisha kuandika ni chavua ya mti gani iliyopelekwa kwenye ua la mti gani, kwa kuwa mbegu ikishaanguka haitamwambia mtu yeyote baba yake ni nani. Kipimo, basi, ni kimoja kwa hebaria, kwa mchikichi na kwa mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato: kiandikwe papo hapo kile ambacho kitapotea kisipoandikwa, na kila kinachoweza kujulikana kesho kiachiwe kesho. Kiwango cha umuhimu wa jambo hujulikana vizuri zaidi kesho. Mradi wake pia. Kitakachopotea ni wazo lenyewe na maneno machache yanayoliwezesha kueleweka tena.

Hali ya mahali nayo inaipa hoja hii uzito. Programu inayodai akaunti, nywila na mtandao kabla ya kupokea sentensi moja ni mzigo popote, lakini mahali ambapo umeme hukatika, betri huhesabiwa kwa saa na intaneti hununuliwa kwa vifurushi vya megabaiti, inakuwa mlango uliofungwa. Notepad, programu ya maandishi matupu iliyokuja na Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, hufunguka mara moja na haihitaji mtandao wowote. Mtu akiandika .LOG, kwa herufi kubwa na nukta mbele yake, katika mstari wa kwanza wa faili na kuihifadhi, kila atakapoifungua programu hiyo itaongeza yenyewe tarehe na saa mwishoni, tayari kwa mstari mpya. Na kitufe cha F5 huweka tarehe na saa wakati wowote. Hiyo ndiyo namba ya mkusanyaji wa mimea: haisemi wazo ni la fungu gani, lakini inalifanya liweze kurudiwa.

Husemwa kwamba faili kama hiyo hugeuka jalala. Hugeuka kweli, iwapo hakuna saa ya kuipitia, na hilo ni kosa la mtumiaji ambalo programu nzito hulificha kwa rangi na mafungu bila kuliondoa. Mambo mia mbili yaliyopangwa vizuri na kusahauliwa bado yamesahauliwa. Saa hiyo iwepo, kila siku, kazi ya kuandika ikishafungwa. Katika saa hiyo mwanafunzi atakuta kwamba mistari mingi haina tena sababu ya kuwepo, kwa kuwa kilichoonekana cha dharura saa nne asubuhi kimejitatua au hakikuwa na uzito, naye ataifuta bila majuto. Michache inayobaki ndiyo inayostahili tarehe, mradi na kengele, na hapo ndipo programu yenye sehemu nyingi, kama ipo, inapopata kazi yake halali. Wanaofundisha matumizi ya kompyuta katika vyuo vya Kisangani wasianze na programu hiyo ya mwisho na kuiita nidhamu. Waanze na faili tupu, wamwachie mwanafunzi aandike sura yake kwa muhula mzima akiwa nayo pembeni, na masomo ya mafungu na lebo yafuate kwa yule atakayeonyesha kwamba anayahitaji.