Jikaze Hadi Lini?

Kuna neno tunapenda sana kuwapa viongozi vijana: jikaze. Timu imepigwa tano bila, kapteni jikaze. Pesa za chama hazitoshi, mwenyekiti jikaze. Isipotosha tunaongeza, jikaze kisabuni. Mimi nasema hilo neno limechosha, na Mai Mahiu tuna sababu nzuri ya kuliweka kando.

Mnakumbuka usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nyingi. Huko juu Kijabe, njia ya maji chini ya reli ya zamani iliziba kwa matope na takataka, maji yakajaa nyuma yake. Yalipopasua, yaliteremka na mawe na miti hadi Kamuchiri, watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa.

Janga kama hilo likitokea, wa kwanza kufika ni majirani. Msalaba Mwekundu na jeshi huja baadaye. Na katikati yao kuna watu ambao hawatokei kwa habari: mzee wa Nyumba Kumi anayeandika majina ya waliopotea, mchungaji anayefungua kanisa watu walale, dem wa kikundi cha vijana anayegawa blanketi. Wengine wao pia wamefiwa.

Kamera zikiondoka, wao wanabaki. Ni simu zao zinazopigwa: unga umefika wapi, pesa za kujenga zinakuja lini? Jibu hawana, lakini lawama ni zao. Na mvua ikianza tena usiku, nao hawapati usingizi. Sasa mtu kama huyo unamwambia ajikaze na nini?

Huu mji wetu unaishi kwa malori, kwa hivyo tuongee lugha ya malori. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye mzigo kufika tani 56, lakini sharti liwe na ekseli 7 za kugawana huo uzito. Pakia tani hizo kwa ekseli 3 uone. Pale mizani ya Gilgil hakuna atakayekuuliza kama dereva ana roho ngumu. Utasimamishwa tu. Halafu dereva anayejua kazi anaingia gia ndogo akiwa bado juu ya mteremko. Anayengoja breki zianze kutoa moshi amechelewa.

Kwangu, kiongozi imara ni yule anayegawa mzigo mapema. Kama simu za kikundi zinakuja kwako peke yako, mpe katibu simu za wiki hii, wewe chukua za wiki ijayo. Kama mnagawa chakula, wawili washike orodha, ili lawama isimwangukie mtu mmoja. Na uwe na mtu mmoja nje ya kikundi, awe shosho, rafiki au mshauri, ambaye kwake wewe si mwenyekiti.

Najua kuna wenye watasema kiongozi akilia watu wataogopa. Kuna ukweli hapo. Si lazima ufungue moyo mbele ya mkutano mzima. Dereva pia hapigi nduru katikati ya mteremko, lakini akifika chini anamwona mekanika. Shida yetu ni kwamba tumewafundisha viongozi wasimwone mekanika kabisa. Mtu hana usingizi mwezi mzima, anafokea kila mtu, jioni anajizima na pombe, na sisi tunasema huyo jamaa ni ngangari.

Hata serikali iliwahi kuambiwa. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Lakini hatuwezi kungoja Nairobi. Laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, ni ya bure, na kiongozi anaruhusiwa kuipiga kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hivyo leo kabla ulale, mpigie huyo mwenyekiti wenu. Usimuulize pesa za chama ziko wapi. Muulize amelala saa ngapi wiki hii, na ni kazi gani moja unaweza kumtoa mkononi. Halafu ifanye.