Gemu mpya hutua Eldoret siku moja na London, ila masharti si sawa

Agosti 15, 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Lakini kuna ramani moja ambayo jiji hili, pamoja na Kenya nzima, bado halionekani vizuri. Ni ramani ya kampuni zinazotengeneza gemu za mtandaoni.

Si kwamba hatuchezi. Kuanzia Annex na Kapsoya hadi Langas na Huruma, vibanda vya PS havikosi wateja jioni, na sheria ni ile ile: ukipigwa, unaachia pedi anayengoja. Kwenye hosteli za vyuo, laptop na simu ndizo viwanja. Gemu mpya ikitangazwa, trela inazunguka WhatsApp na mabeshte wanaanza kuchanga pesa.

Tumaini lenyewe ni rahisi kulielewa. Kibandani unapimana na jirani, ila mtandaoni unapimana na dunia. Na huu ni mji unaojua maana ya kupimana na dunia. Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon wanafanya mazoezi Kaptagat, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Watu wa huku hawamwogopi mpinzani wa nchi yoyote, bora mstari wa kuanzia uwe mmoja.

Kwa gemu, mstari si mmoja. Ukiangalia zilizozinduliwa miaka ya karibuni, masikitiko mengi ya mchezaji wa hapa hayatokani na gemu kuwa mbovu. Yanatokana na kuuziwa huduma ambayo muuzaji hakupanga kukufikishia. Mfano ulio wazi kuliko yote ni yaliyotokea Mei 2024.

Helldivers 2: kulipa kwanza, kukataliwa baadaye

Helldivers 2 ilitoka Februari 8, 2024, kwa PS5 na kwa kompyuta siku hiyo hiyo. Iliundwa na Arrowhead, studio ya Uswidi, na kuchapishwa na Sony. Wachezaji wanne wanaungana kupigana na wadudu wakubwa na roboti. Bei ilikuwa dola 40, karibu Sh6,000 kwa viwango vya wakati huo, wakati gemu nyingi kubwa zinauzwa dola 70.

Kwa anayecheza kutoka mbali ilikuwa na mvuto wa ziada. Adui ni kompyuta, si kijana wa Ujerumani mwenye intaneti ya kasi. Mtandao ukichelewa kidogo, hakuna anayekufunga bao.

Mwanzo wake ulikuwa wa vurugu. Watu walijaa kupita kiasi, seva zikazidiwa, na studio ikalazimika kuweka kikomo cha wachezaji 450,000 kwa wakati mmoja. Wengine walikaa foleni wakitazama skrini tu. Bosi wa Arrowhead, Johan Pilestedt, aliwaambia hadharani wasio na pesa za ziada wangoje kwanza kabla ya kununua. Ni nadra muuzaji kusema hivyo.

Seva zikaongezwa, hali ikatulia. Ndani ya wiki 12 nakala milioni 12 zilikuwa zimeuzwa, na Sony ikasema haijawahi kuwa na gemu iliyouzwa kwa kasi hiyo.

Kisha ikaja Mei 3. Sony ilitangaza kwamba wanaocheza kwa kompyuta kupitia duka la Steam lazima waunganishe gemu na akaunti ya mtandao wake wa PlayStation, yaani PSN. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo lakini halikutekelezwa gemu ilipotoka, kwa sababu ya matatizo ya kiufundi.

Kwa mtu wa Manchester hiyo ni kazi ya dakika mbili. Kwa mtu wa Eldoret ni ukuta. PSN haikuwa na Kenya kwenye orodha ya nchi zake. Kusini mwa Sahara, nchi iliyokuwemo ni Afrika Kusini pekee. Yaani mtu alikuwa amelipa kihalali, amecheza karibu miezi mitatu, halafu anaambiwa ajisajili mahali ambapo nchi yake haipo.

Steam ikaacha kuiuza katika nchi na maeneo 177, majirani zetu wa Afrika Mashariki wakiwemo. Wachezaji duniani wakawaka. Wikendi moja ilitosha kwa maoni mabaya zaidi ya 200,000 kumiminika kwenye ukurasa wa gemu hiyo. Kufikia Mei 6 Sony ilikuwa imerudi nyuma na kusema sharti hilo limefutwa.

Wengi walisherehekea na kusahau. Lakini soma sehemu ya pili ya habari hiyo. Aliyekuwa nayo aliendelea kucheza, ila mlango wa kununua kwa nchi zilizofungiwa haukufunguliwa siku hiyo. Siku kumi baadaye, Mei 16, Sony ilitoa Ghost of Tsushima kwa kompyuta, na nchi hizo zikaachwa nje tena. Hiyo ni gemu ambayo sehemu kubwa yake unacheza peke yako, na akaunti ya PSN ilihitajika kwa sehemu ya mtandaoni tu.

Kwa maneno mengine, kampuni ilipogundua kwamba imewauzia watu isioweza kuwasajili, suluhisho la kwanza halikuwa kuwasajili. Lilikuwa kuacha kuwauzia.

Mkazi wa London anayeishi Langas

Mtaani tunajua dawa yake. Ukikagua konsoli nyingi za hapa, mwenyewe kwa karatasi anaishi London au Marekani. Akaunti inafunguliwa kwa anwani ya kuokota na maisha yanaendelea.

Ujanja huo unafanya kazi hadi siku unapohitaji msaada. Masharti ya kampuni hizi yanataka taarifa za kweli, kwa hivyo akaunti ikifungwa huna pa kulalamikia bila kukiri kwamba ulidanganya. Kulipa nako ni shida. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa iliyozinduliwa Juni 2022 imesaidia wengi kununua vitu nje ya nchi, lakini haikupi anwani ya London. Ndiyo maana watu wanaishia kununua vocha kutoka kwa mtu wa kati anayeongeza faida yake juu.

Hapo mnyororo unakuwa mrefu: mchezaji, muuza vocha, duka, kampuni. Kitu kikiharibika katikati, kila mmoja anamwelekezea mwenzake kidole.

Nani anasikia bastola kwanza

Tuseme umeingia na gemu imefunguka. Sasa unakutana na umbali.

Wachezaji huita pingi: muda ambao ujumbe kutoka pedi yako unachukua kufika kwenye seva na kurudi, ukipimwa kwa milisekunde. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Eldoret, data inateremka hadi pwani, inaingia baharini Mombasa na kupanda kuelekea Ulaya. Safari hiyo ukiihesabu kuwa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni 20,000. Hizo ni milisekunde 100 kabla hujahesabu mtambo hata mmoja njiani, na kwa kawaida pingi ya kuelekea Ulaya hupita hapo.

Wanariadha wetu wanaijua namba hiyo. Katika mbio fupi, mtu akiondoka kabla ya sekunde 0.1 tangu bastola ilie, anahesabiwa ameiba mwanzo, kwa sababu inachukuliwa kwamba hakuna binadamu anayeweza kuitikia mlio haraka hivyo. Kwa hivyo kijana wa Eldoret anayecheza kwenye seva ya Frankfurt anasikia bastola ikiwa imechelewa kuliko kipimo kinachotumika kumfukuza mtu uwanjani. Akikaba, mpira umeshaondoka. Akifyatua risasi, yeye ndiye anayeanguka. Halafu mabeshte wanamwambia hajui kucheza.

Baadhi ya gemu zina seva Afrika Kusini, na hizo hupunguza maumivu, ila nazo zinategemea nyaya za baharini. Mei 12, 2024, siku sita tu baada ya Sony kurudi nyuma, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki yote.

Ongeza gharama ya bando. Gemu kubwa ya kisasa hupita GB 50 kwa urahisi, na kila baada ya wiki chache kuna maboresho mengine ya kupakua. Juu ya data hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 na VAT ya asilimia 16. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka ushuru huo upande hadi asilimia 20, kabla ya mswada wote kuondolewa Juni 26 kufuatia maandamano ya Gen Z. Huduma za kidijitali zinazouzwa kutoka nje pia zinatozwa VAT.

Yaani KRA inamjua mchezaji wa Eldoret vizuri kuliko kampuni inayomuuzia gemu.

Siku 14 za Concord

Kuna hatari nyingine inayomgusa kila mtu, ila huku inauma zaidi. Concord, gemu nyingine ya Sony ya kupigana mtandaoni, ilitoka Agosti 23, 2024 kwa dola 40. Haikupata watu. Kwenye Steam haikuwahi kufikisha hata wachezaji 700 kwa wakati mmoja. Septemba 6 ilizimwa, na Oktoba Sony ikatangaza kuifunga studio iliyoiunda.

Walionunua kwa njia rasmi walirudishiwa pesa, na hilo ni jambo la haki. Lakini jiulize: aliyepitia kwa mtu wa kati angedai kwa nani?

Hata ya bure haikuhakikishii lolote. Konami ilipobadilisha PES yetu ya zamani kuwa eFootball, Septemba 30, 2021, wachezaji walikutana na sura za kutisha na mpira usioeleweka, na kampuni ikaomba msamaha haraka. Toleo lililokamilika lilifika Aprili 2022. Hapo angalau ulichopoteza ni bando.

Je, kampuni zina hoja?

Zinayo kiasi. Kufungua huduma rasmi katika nchi kuna gharama za sheria, kodi, malipo na wahudumu wa wateja, na soko letu ni dogo ukililinganisha na la Ulaya. Hakuna anayelazimishwa kuuza mahali pasipo na faida.

Lakini hoja hiyo inakufa pale pesa zinapokuwa zimeshapokelewa. Gemu ya mtandaoni si kama mpira wa miguu unaonunua dukani ukaenda nao nyumbani. Ni huduma. Ukichukua Sh6,000 za mtu, umekubali kumhudumia.

Kuna dalili za nafuu. Mei 22, 2024 Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 unaojumuisha kituo cha data Olkaria, kitakachotumia umeme wa mvuke. Kadri mitambo inavyosogea karibu, ndivyo pingi inavyoweza kushuka. Hata hivyo jengo lenye kompyuta halitoshi. Kampuni ya gemu lazima iamue kuweka seva zake humo, na itafanya hivyo ikiona kwamba tupo. Tukiendelea kuhesabiwa kama wakazi wa London, takwimu zao zitasema Eldoret hakuna mchezaji.

Serikali nayo isikae kando ikichukua kodi tu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kule California, tangu Januari 2025 sheria inalazimisha maduka ya kidijitali kumwambia mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni, si mali yake. Sisi tunahitaji sharti la namna hiyo kuhusu huduma: anayemuuzia Mkenya gemu ya mtandaoni aseme kabla ya malipo kama akaunti inasajiliwa hapa, na nani anarudisha pesa ikizimwa.

Hadi hapo, jilinde mwenyewe. Kabla ya kuchanga, uliza maswali matatu. Je, akaunti inayohitajika inaikubali Kenya? Seva iliyo karibu nawe iko wapi? Ukinunua kwa njia hii, nani atakurudishia pesa? Kama unanunua Steam, kumbuka kanuni yake ya kawaida: unaweza kurudisha gemu ndani ya siku 14 ikiwa hujaicheza zaidi ya saa mbili. Tumia saa hizo kupima pingi, si kubadilisha nguo za mchezaji.

Na kama bado una shaka, ngoja wiki mbili. Concord haikudumu zaidi ya hapo. Gemu nzuri itakuwepo, na bado utakuwa na Sh6,000 zako mfukoni.