Upepo hauaminiki, kasema Profesa

KIJIWE CHA KEKO
Na Mzee Maranda

Mnaoniandikia kuulizia kabati langu la mninga: bado. Jumanne nilikwenda Keko kulifuatilia. Fundi alishaanza kuranda mlango wa kwanza, wallahi niliuona kwa macho yangu, umeme ukakatika. Mashine zikanyamaza mtaa mzima. Fundi akajikung'uta vumbi, akavuta kigoda, akaagiza kahawa kama mtu aliyeisubiri saa hiyo tangu alfajiri.

Na upepo ulikuwa unavuma, si mchezo. Maranda yalipaa kutoka kibandani yakatua kwenye kikombe changu. Nikasema, bila ubaya wowote, kwamba upepo kama huu wenzetu wanawashia taa.

Kumbe Profesa yupo. Mnamjua, yule mwenye kujua bei ya mafuta Uarabuni na kwa nini kocha wa Simba alikosea. Akakohoa. "Mzee wangu, upepo hauaminiki. Leo upo, kesho haupo." Vijana wote wakatikisa vichwa kukubali. Profesa nimeshamzoea; vilivyoniudhi ni vile vichwa.

Hauaminiki! Sisi tuliolala gizani mara ngapi kwa sababu maji ya bwawa la Mtera yameshuka, leo ndio wa kuusimanga upepo? Mvua tumeisamehe kila mwaka, tukaijengea na bwawa jingine la megawati 2,115 kule Rufiji. Denmark zaidi ya nusu ya umeme wao ni wa upepo, na sijasikia wakilala na vibatari. Hapo jirani, Kenya, kando ya Ziwa Turkana yamesimama mapangaboi 365, megawati 310. Yalikamilika 2017 yakakaa bure yakisubiri waya wa kilomita zaidi ya 400. Waya ulipofika, yakaanza kazi. Mtaniambia wafugaji wa kule waliilalamikia ardhi yao mpaka mahakamani Meru. Hilo ni neno, nalisikiliza. Lakini Profesa hakulisema. Yeye kesi yake ni na upepo.

Sisi tuna mitambo mitatu ya Mwenga, Mufindi, megawati 2.4, na ni watu binafsi walioisimamisha. Singida je? Upepo wa Singida umejaa kwenye hotuba kwa zaidi ya miaka 10. Makampuni yamepima, yamechora, yametaja megawati 50, mara 100. Mbunge hakosi kuuliza, waziri hakosi kujibu kwamba mazungumzo yanaendelea. Sababu ni moja tu, nami naisema bila kupepesa: hatupendi kitu kisichokuwa na ukuta wa zege wa kupigia picha.

Sasa kuna waya wa kilovolti 400 unaotuunganisha na Kenya. Umetoka Isinya, ukapita Arusha, ukaja kuishia Singida. Singida hiyohiyo. Nendeni kijiweni mkamuulize Profesa kama upepo wa Turkana utaaminika ukifika pale kwa njia ya waya, tena kwa kununuliwa.