Jina la Betheli Halikuiokoa Betheli

Yako mafundisho yanayoenea katika makanisa yetu kwamba jina takatifu lina nguvu ndani yake: liandike juu ya mlango, na baraka zitaingia. Sipingi makanisa kuitwa Betheli. Ninachopinga ni kulitegemea jina, na shahidi wangu ni Betheli yenyewe.

Maana ya jina haina ubishi. Kwa Kiebrania, beth ni nyumba na El ni Mungu. Yakobo alipaita mahali pale Betheli baada ya kuota ile ndoto ya ngazi; hapo awali mji ule uliitwa Luzu (Mwanzo 28:19). Mungu alijifunua kwanza, ndipo jina likafuata. Yakobo hakulitumia jina ili kumshusha Mungu.

Watanijibu kwamba Yakobo alipaona pale kuwa lango la mbinguni. Ni kweli. Lakini Mungu alipomwagiza arudi Betheli, aliwaambia kwanza watu wa nyumba yake waondoe miungu migeni waliyokuwa nayo (Mwanzo 35:2). Aliyelitoa jina lile hakudhani kwamba lingemtakasa.

Baadaye Yeroboamu akaweka ndama wa dhahabu Betheli, na mwingine Dani (1 Wafalme 12:28-29). Jina hakulibadilisha. Watu walisujudia ndama mahali palipoitwa nyumba ya Mungu. Amosi alipokemea, kuhani Amazia alimfukuza, akitetea mahali pale kuwa patakatifu pa mfalme (Amosi 7:13). Naye Hosea akauita mji Beth-aveni, nyumba ya uovu, kwa kuuazima jina la mji jirani (Hosea 10:5, Yoshua 7:2). Mwishowe Yosia akaibomoa madhabahu ile (2 Wafalme 23:15).

Na mji wenyewe uko wapi leo? Mwaka 1838 Mmarekani Edward Robinson aliutambua katika kijiji cha Waarabu kiitwacho Beitin, kama kilomita 17 kaskazini mwa Yerusalemu. Jina la Kiarabu lilihifadhi lile la kale, herufi ya mwisho ikigeuka kutoka l kuwa n, kama Yezreeli ilivyokuwa Zerin. Wataalamu wengi wanakubaliana naye, ingawa mwaka 1970 David Livingston alitetea al-Bireh, mji ulio karibu. Basi anayetuuzia udongo wa baraka kutoka Betheli aseme ameuchota kilima kipi. Hata akiuchota mahali penyewe kabisa, ni udongo uleule uliokanyagwa na waabudu ndama. Haukuwatakasa wao, utatutakasaje sisi?

Ndugu zangu, mafundisho haya yana wahanga. Mama anayeuza mboga anatoa akiba ya ada ya mtoto wake kununua chupa ya mafuta kwa sababu imeandikwa jina takatifu, na mhubiri aliyemuuzia anaitwa mtumishi wa Mungu. Amosi aliwashutumu Waisraeli kwa kumuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu (Amosi 2:6). Kanisa linaloitwa Betheli lijiulize kwanza swali hilo: katika nyumba hii, maskini anauzwa kwa bei gani?